UZI: Mlango wa lifti unaona nini, hauoni nini, na kwa nini sensa inasingiziwa makosa yasiyo yake

FundiMilango

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni fundi wa lifti. Watu wakisikia lifti huwaza kamba za chuma na mota kubwa, lakini simu nyingi ninazopokea zinahusu mlango, na anayepiga karibu kila mara ana jibu tayari: "Fundi, sensa imekufa, njoo na nyingine." Sensa ni kile kifaa kinachohisi kama kuna mtu mlangoni. Nikifika, mara nyingi nakuta haijafa. Ina vumbi, au imepigwa jua, au waya wake umechoka, au haihusiki kabisa. Inasingiziwa kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya mlango ambayo watu wanajua ipo.

Nianze na kisa kimoja. Lifti ya jengo la ofisi ilikuwa inagoma kufunga mlango ghorofa ya chini, asubuhi tu. Ikifika saa moja na nusu mlango unaanza kufunga, unarudi, unaanza tena, unarudi. Saa mbili na nusu imepona yenyewe. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshabadilisha sensa mara mbili. Nilikwenda mchana, nikapima, kila kitu sawa. Kesho yake nikafika alfajiri, nikasimama ukumbini nikisubiri.

Jua lilipochomoza likaingia kwa mlango wa kioo wa mbele, likavuka ukumbi likiwa limelala chini kabisa, likagonga ukingo wa kushoto wa mlango wa lifti. Hapo hapo mlango ukaanza kugoma. Nikasimama hatua mbili mbele ya lifti, nikaukinga ule ukingo kwa mgongo wangu. Mlango ukafunga. Nikasogea pembeni, ukagoma. Nilirudia mara nne ili nijiridhishe: kivuli changu tu ndicho kilichokuwa kinautibu.

Kuelewa kwa nini, lazima uelewe kifaa chenyewe.

Sensa nyingi za sasa ni pazia la mwanga. Ni fito mbili nyembamba zilizosimama wima, moja kila upande wa mlango wa kabini, kile chumba kinachobeba watu. Ufito mmoja unatuma, mwingine unapokea. Ndani ya ule unaotuma zimepangwa dayodi ndogo kuanzia karibu na kizingiti hadi urefu wa mtu mzima, nazo zinatoa mwanga wa infraredi ambao jicho letu halioni. Haziwaki zote kwa pamoja. Inawaka ya kwanza na kuzima, inafuata ya pili, hivyo hivyo mpaka juu, halafu zinaanza upya, na mzunguko huo unarudiwa mara nyingi ndani ya sekunde moja. Upande wa pili unajua sasa hivi ni zamu ya nani, na unaangalia kama mwanga wake umefika. Usipofika, kontrola ya mlango, yaani kifaa kinachouendesha, inaambiwa kuna kitu, fungua.

Kwenye maboksi mtaona imeandikwa "miale 94" au "miale 154", wengine wanadhani ni idadi ya dayodi. Siyo. Chukua pazia lenye dayodi 32. Kila moja ikimwangalia mwenzake wa mkabala, una miale 32. Kila moja ikionekana pia na jirani wa juu na wa chini wa upande wa pili, unaongeza 62, jumla 94. Ukienda jirani wa pili, unaongeza 60, jumla 154. Ile miale ya mshazari ina kazi. Ukigawa dayodi 32 kwenye ufito wa milimita 1,800, kati ya moja na nyingine kuna kama milimita 58. Mkono mwembamba wa mtoto unapita hapo bila kugusa mwale ulionyooka hata mmoja. Mishazari inayokatana katikati ya mlango ndiyo inayoziba mapengo. Lakini karibu kabisa na ufito wenyewe miale yote inarudi kukusanyika kwenye dayodi, kwa hiyo pale ukingoni pengo ni pana kuliko katikati. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Turudi kwenye jua. Mwanga wa jua umejaa infraredi, na jua kali la moja kwa moja linafika karibu laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga). Upande unaopokea ukikodolewa na jua hivyo, unakuwa kama mtu anayetafuta kusikia mnong'ono kando ya mashine ya kusaga. Mwanga wa mwenzake upo, ila hausikiki. Na kifaa hiki kimeundwa kwamba kikikosa kuona mwanga, kinahesabu kuna mtu mlangoni. Ndiyo maana kilikuwa kinarudisha mlango, na kilifanya sawasawa. Afadhali mlango unaogoma kuliko mlango unaofunga huku umepofuka.

Dawa haikuhitaji kununua kitu. Nilibadilishana fito: unaopokea nikauhamishia upande ambao jua linaupiga kisogoni, unaotuma nikauweka upande wa jua, maana wenyewe hautazami chochote. Mpaka leo sijaitwa tena kwa tatizo lile.

Nikipata muda jioni nitaendelea na mambo ambayo pazia haliyaoni. Maswali karibuni.

MsimamiziJengo

Mkuu, ubarikiwe kwa uzi huu, umenikuta katika shida. Sisi mlango unagoma ghorofa ya tatu peke yake. Unafunga vizuri, ukibaki upana wa kiganja unarudi. Ghorofa nyingine zote safi. Tumeshauriwa kununua sensa mpya na nilikuwa naandaa barua ya kuomba fedha. Jua halifiki pale, ni korido ya ndani.

FundiMilango

Mkuu, isimamishe hiyo barua kwanza.

Sensa imefungwa kwenye kabini na inasafiri nayo. Ile iliyoko ghorofa ya tatu ndiyo hiyo hiyo ya ghorofa ya kwanza na ya sita. Ingekuwa mbovu, ingekusumbua kila inapokwenda. Tatizo likiwa la ghorofa moja, tafuta kitu ambacho kipo ghorofa hiyo tu: mlango wa nje, kizingiti chake, au mwanga wa mahali pale.

Halafu umesema unarudi pale pale kila mara. Hiyo nayo ni ishara. Sensa haina sababu ya kupendelea upana wa kiganja. Kinachorudisha mlango mahali pale pale huwa ni kitu kinachoukwamisha. Mota ya mlango inapimwa nguvu inayotumia. Ikianza kusukuma kuliko kawaida, kontrola inaelewa mlango umegonga kitu na kuurudisha. Mtu aliyesimama nje hawezi kutofautisha, kwake yote ni "sensa".

Angalia mfereji wa kizingiti cha ghorofa ya tatu, ule mlango unamoteleza. Simamisha lifti kwa swichi yake ghorofa hiyo, mlango ukiwa wazi na kabini ikiwa pale pale. Chukua tochi, piga magoti, umulike kwa ubavu ili vitu vidogo vitoe kivuli. Tumia brashi ya meno kuukuu na mashine ya kuvuta vumbi. Usimwage maji, yataingia shimoni kwenye vyuma na umeme. Ulete majibu.

MzeeWaKabini

Vijana, mimi nimestaafu kazi hii. Fundi ameeleza vizuri, niongeze kidogo la zamani ili mjue tumetoka wapi.

Sisi tulianza na ukingo wa mguso. Ni ubapa mrefu uliotangulia mbele ya mlango. Ukimgusa mtu unabonyea ndani, swichi inabofya, mlango unarudi. Yaani lazima akupige kwanza ndipo ajue upo. Baadaye likaja jicho la umeme, mwale mmoja au miwili tu, mmoja usawa wa goti na mwingine usawa wa kiuno. Mtu akipitisha mkono katikati ya ile miale haonekani. Bado kuna lifti zinatembea na vifaa hivyo. Kama ya kwenu ina vijitundu viwili tu vya kioo kila upande, msiichukulie kama yenye pazia.

La pili ni waya. Pazia likiwa limefungwa kwenye ubao wa mlango wenyewe, waya wake unakunjwa kila mlango ukifunguka na kukunjuka ukifunga. Mlango ukifunguka mara 500 kwa siku, hiyo ni mikunjo zaidi ya 180,000 kwa mwaka, mahali pale pale. Nyuzi za shaba zinakatika ndani, ganda la nje likiwa zima linang'aa. Nimeona mafundi wakitupa pazia zima kwa sababu ya waya wa mkono mmoja.

FundiMilango

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Hilo la waya ndilo chanzo kikubwa ninachokutana nacho baada ya uchafu.

Dalili yake kwa wadau: tatizo linatokea ghorofa zote, halina saa maalumu, na linakuja mlango ukiwa unatembea. Ukiwa umetulia wazi, taa ya pazia ni ya kawaida. Ukianza kusogea, inapepesa. Fundi anautembeza mlango kwa mkono taratibu huku mita ikiwa kwenye waya za umeme wa pazia, ambao mara nyingi ni volti 24. Ukifika mkunjo fulani, namba inaanguka, ukisogeza kidogo inarudi. Hapo umempata. Kazi hiyo inafanyika juu ya kabini, kwa hiyo ni ya fundi mwenye mafunzo peke yake.

MamaWawili

Naomba kuuliza, naona humu mnajua. Mwanangu ana kigari cha kuvuta kwa kamba. Juzi alitangulia kuingia, kigari kikabaki nje, mlango ukafunga juu ya kamba kama vile haipo. Nilibonyeza kitufe cha kufungua na mkono unatetemeka. Sensa ilikuwa mbovu?

FundiMilango

Pole sana dada. Sensa huenda ilikuwa nzima kabisa, na hilo ndilo linalonifanya nisiache kulisema.

Kamba ni nyembamba kuliko lenzi ya dayodi. Mwanga unaizunguka pande zote mbili na kufika upande wa pili karibu wote, hivyo kwa pazia hakuna kilichopita. Kamba ya mbwa ni hivyo hivyo, kamba ya begi, uzi wa puto, mkanda wa nguo. Kiwango cha Ulaya cha EN 81-20, kinachofuatwa hata nje ya Ulaya, kinataka sensa ya mlango ione kitu chenye unene wa milimita 50, kuanzia milimita 25 juu ya kizingiti hadi milimita 1,600. Soma namba hizo kinyume utapata yale ambayo kiwango hakiitaki sensa iyaone: chochote chembamba kuliko hapo, chochote kilicholala chini ya milimita 25, na chochote kilicho juu ya milimita 1,600.

Lipo na jingine. Kiwango hicho kinaruhusu sensa izimwe mlango ukibakiza milimita 20 za mwisho. Anayechomeka vidole dakika ya mwisho ili kuwahi lifti anavichomeka mahali ambapo huenda hakuna anayetazama.

Kilichobaki kumlinda mtu hapo ni upole wa mlango. Nguvu ya kuuzuia usifunge haitakiwi kuzidi niutoni 150, sawa na uzito wa kama kilo 15, isipokuwa kwenye theluthi ya kwanza ya safari yake. Nishati ya mwendo wake haitakiwi kuzidi jouli 10. Sensa ikiwa imekufa au imezimwa na lifti ikaachwa ifanye kazi, jouli zinashuka hadi 4 na lazima mlango ulie sauti ya onyo kila unapofunga. Kwa mlango ambao jumla yake ni kilo 200, hapo mwendo unatoka kama sentimita 32 kwa sekunde hadi 20. Kwa hiyo mkisikia lifti inalia tiii huku mlango unajikokota, sensa imeondolewa kwenye hesabu na mlango unafunga bila macho. Hapo usijaribu kupita.

Kwa mtoto, dada: kigari kibebe mkononi, yeye mshike mkono, muingie mkiwa sambamba. Kamba ikishanaswa, bonyeza kitufe cha kufungua kama ulivyofanya, na iachie kamba mara moja, isiwe imezungushwa kiganjani wala mwilini mwa mtoto. Lifti inaweza kuondoka na ncha moja ikiwa ndani na nyingine nje.

MamaWawili

Nimekuelewa kaka. Leo hii hii naikata ile kamba.

UmemeTu

Wakuu mimi ni fundi umeme wa majumbani. Nina swali la moja kwa moja. Sensa ikisumbua na jengo lina wazee na wagonjwa wanaoitegemea lifti, kuna ubaya gani kuiunga dairekti, yaani kuiruka kwa waya, kwa siku mbili tatu wakati wa kusubiri kifaa? Lifti si bado ina usalama mwingine?

FundiMilango

Swali lako ni la mtu anayewajali watu, nami nitakujibu kwa heshima hiyo: usifanye.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo wengi wanavichanganya. Sensa kazi yake ni kuzuia mlango usimpige au kumbana mtu. Kinachozuia lifti isiondoke mlango ukiwa wazi ni kingine kabisa: kufuli za milango na kontakti zake, zilizounganishwa mfululizo kwenye mzunguko wa usalama. Kontakti moja ikiachia, lifti haitembei.

Ukiunga sensa dairekti, kontrola inaamini mlango una macho wakati hauna. Haitapunguza mwendo wala haitalia, kwa sababu kwake hakuna hitilafu. Umeondoa jicho na onyo kwa pamoja, na wa kwanza kukutana na huo mlango ni yule mzee unayemhurumia, anayetembea taratibu kwa mkongojo mwembamba.

La pili linanitisha zaidi. Boksi la waya ni moja, waya zinafanana, na aliyezoea kuunga dairekti upande wa sensa siku moja anagusa upande wa kufuli. Desemba 2011, kwenye jengo moja la Madison Avenue, New York, mwanamke alikuwa anaingia kwenye lifti, ikapaa na milango ikiwa wazi. Akafariki. Uchunguzi wa jiji ulikuta mafundi waliokuwa wakiifanyia kazi siku hiyo walitumia waya kuruka mzunguko wa usalama na lifti ikarudishwa kwa watu waya ukiwa bado upo. Waya mfupi unaoingia mfukoni.

Kama kifaa hakipo, lifti isimame, bango libandikwe kila ghorofa, na wazee wapangiwe watu wa kuwasaidia kwenye ngazi. Kama kontrola ina utaratibu wake wa kufunga taratibu na sauti, fundi wa lifti hiyo ndiye wa kuamua, na anaandika kwenye daftari la lifti.

UmemeTu

Nimekubali mkuu. Sikujua kwamba kontrola inapoteza na lile onyo. Nimewatumia wenzangu kazini.

MzeeWaKabini

Nakazia. Na kila fundi ahesabu waya zake za kuruka kabla ya kufunga boksi. Mimi nilikuwa nazifunga kitambaa chekundu kirefu, boksi lisifungike kikiwa ndani.

UsafiNiUtu

Samahani wakuu, mimi ni msafishaji. Hakuna aliyewahi kutuambia hizo fito zisafishwe vipi. Tunapangusa lifti nzima kwa dawa ile ile ya vioo. Tunakosea?

FundiMilango

Hujakosea kuuliza, na wewe ndiye mtu muhimu kuliko wote humu, maana unaiona lifti kila siku, mimi mara moja kwa mwezi.

Uso wa zile fito ni plastiki, siyo kioo. Inaonekana nyeusi au nyekundu iliyoiva kwa sababu imetengenezwa kuzuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi. Dawa kali, spiriti kali, asetoni au tina ya rangi huifanya iwe na ukungu na vijiufa vidogo, na ukungu huo hauondoki tena. Tumia kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kilichoguswa maji yenye sabuni kidogo na kukamuliwa mpaka kisidondoke. Pitisha toka juu kwenda chini mara moja, geuza kitambaa, pitisha tena. Malizia na kikavu. Usinyunyizie kitu moja kwa moja kwenye ufito, kinaingia kwenye maungio. Mafuta ya kunyunyiza usiyasogeze kabisa. Yanaacha utando unaokamata vumbi, kesho hali ni mbaya kuliko jana.

Tazama zaidi sentimita 30 za chini. Huko ndiko maji ya deki yanakorukia, na yakikauka yanaacha utando wa sabuni ambao kwa macho huuoni vizuri. Uguse kwa kidole safi, utahisi unanata. Dayodi za chini ndizo zinazoona miguu na watoto wanaotambaa.

Unaposafisha, lifti iwe imesimamishwa kwa swichi, siyo mwenzako ameshikilia kitufe. Na usisimame mguu mmoja ndani mwingine nje, hata kama ni dakika moja.

Kingine, simu yako inaweza kukusaidia. Kamera nyingi za simu, hasa ya mbele, zinaona infraredi kama mwanga hafifu wa zambarau. Ielekeze kwenye ufito unaotuma, utaona vidoa vimejipanga. Usipoona kitu usihitimishe kwamba imekufa, kuna kamera zenye kichujio. Lakini ukiona vidoa vyote isipokuwa viwili vitatu, mwambie fundi ni vya ngapi toka chini.

UsafiNiUtu

Nimejaribu sasa hivi kwa kamera ya mbele. Nimeviona! Vimejipanga kama shanga. Vyote vipo. Ule utando wa chini nao nimeuhisi, kweli unanata.

NjiaMojaTu

Swali la haraka: nikishikilia mlango kwa boksi wakati nahamisha vitu, naharibu?

FundiMilango

Ndiyo, kwa njia mbili. Boksi likizuia miale muda mrefu, kontrola nyingi zinahesabu muda na kuanza kufunga taratibu kwa sauti, mlango unalisukuma boksi na mota inachoka. Na boksi likigusa ufito linaupinda. Ukipinda, dayodi hazitazamani tena sawasawa. Omba lifti iwekwe kwenye hali ya kushikiliwa wakati wa kuhamisha.

MsimamiziJengo

Wakuu nimerudi na majibu. Tulisimamisha lifti jana ghorofa ya tatu, tukamulika mfereji kwa ubavu kama ulivyoelekeza. Kichwa cha skrubu ndogo kilikuwa kimekandamizwa kwenye uchafu mgumu, karibu upana wa kiganja toka mlango unapokutana. Kimeng'ara upande wa juu kwa kusuguliwa. Tumekitoa kwa koleo, tumepiga brashi, mlango unafunga tangu jana bila kurudi. Barua nimeichana.

Ila kwa sababu nilishaanza, nikataka nijue kama sensa yenyewe inaona ule unene wa milimita 50. Nikachukua bomba la karatasi gumu lenye unene huo, nikawa nalipitisha wakati mlango unafunga, nikiwa nje, bila kuingiza mkono. Usawa wa kiuno, unarudi. Goti, unarudi. Usawa wa kifundo cha mguu, katikati na kila ukingo, haurudi. Umelibana bomba mara tatu. Lakini mbona lifti haijawahi kulalamika?

FundiMilango

Mkuu, simamisha lifti hiyo sasa hivi, halafu uendelee kusoma.

Kwa kawaida dayodi ikizibwa mlango unagoma, na watu wanalalamika, na sisi tunakuja. Lakini yapo mapazia yenye utaratibu wa kuondoa kwenye hesabu miale iliyozibwa muda mrefu, ili lifti isisimame kwa ajili ya dayodi moja iliyokufa. Miale mingine inaendelea, mlango unafunga kama kawaida, na pale kwenye ile miale iliyoondolewa panabaki tundu ambalo hakuna anayeambiwa. Ndiyo maana nasema sensa ipimwe kwa bomba, isipimwe kwa malalamiko. Chini, goti, kiuno, bega. Na kila urefu upime katikati na karibu na kila ufito, kwa sababu ya lile pengo la ukingoni nililolitaja mwanzo.

Lifti ikiwa imesimama, angalia uso wa fito zote mbili toka kwenye kizingiti hadi gotini. Je, jengo limepakwa rangi karibuni?

MsimamiziJengo

Limepakwa, miezi miwili iliyopita, fremu za milango zote. Nimeangalia. Ufito wa kulia una matone ya rangi nyeupe yaliyotiririka mpaka chini, na juu yake kuna kipande cha utepe wa karatasi ambao wapakaji walisahau kuubandua. Kimefunika kama sentimita 20. Ukiwa umesimama huoni, lazima upige magoti.

Lifti imesimama, bango limebandikwa ghorofa zote. Nimempigia fundi wetu, nimemtajia urefu toka kizingitini. Utepe nibandue?

FundiMilango

Utepe bandua taratibu kwa mkono. Rangi usiikwangue kwa kisu wala kuifuta kwa tina, mwachie fundi. Ikigoma kutoka, ufito huo ubadilishwe na mwenzake, maana huuzwa na kupangwa kama jozi. Akimaliza, azime umeme wa pazia na kuuwasha upya ili miale iliyotolewa irudi kwenye hesabu, kisha mpime tena kwa bomba lile lile, mlango ukifunga, mara tatu kila urefu. Usiifungue lifti kwa watu mpaka bomba liurudishe mlango kila mara, hasa pale kwenye kifundo cha mguu.

MsimamiziJengo

Sawa mkuu. Bomba nimeliweka mlangoni kwa ofisi, nimeliandika milimita 50 kwa kalamu.